Ukitaka cheti cha kwanza cha meinifremu, anza na logi

Mitaala ya ngazi ya kuanzia kwa wasanidi wa programu za meinifremu (kompyuta kubwa za taasisi kama benki) inafanana sana: TSO na ISPF (skrini za kufanyia kazi), JCL (lugha ya kuiagiza mashine kazi), COBOL (lugha ya programu), faili za VSAM (njia ya kuhifadhi rekodi), Db2 (hifadhidata), CICS (mfumo wa miamala ya papo kwa papo) kidogo, na siku hizi Git pamoja na VS Code. Wengi wanaotoka vyuo vya hapa Nairobi wakiwa na Java au Python hukimbilia COBOL, kwa sababu ndiyo inayokaribiana na walichozoea. COBOL si ngumu. Aliyezoea kuandika programu ataisoma na kuielewa mapema. Watu hukwama pale jobu (kazi iliyotumwa mashine iiendeshe) inapoanguka, skrini ikajaa logi, yaani ujumbe wa mfumo wa herufi kubwa, na wasijue waanze kusoma wapi.

Kwa hiyo sitafuata mpangilio wa silabasi. Nitakaa zaidi pale kazi inapoharibika, kwa sababu msanidi mchanga hapewi kujenga mfumo mpya wa benki. Anapewa jobu iliyoanguka usiku na kuulizwa kwa nini.

Pa kufanyia mazoezi

Huhitaji kuwa na mashine yako. IBM Z Xplore ni jukwaa la bure: unajisajili kwa barua pepe, unapewa jina la mtumiaji kwenye z/OS halisi (mfumo endeshi wa meinifremu), unafanya mazoezi ngazi kwa ngazi na kupata beji za kidijitali. Open Mainframe Project, iliyo chini ya Linux Foundation, nayo ina kozi ya bure ya COBOL kwenye GitHub. Zote mbili zinatumia VS Code pamoja na kiendelezi kiitwacho Zowe Explorer, kinachokuonyesha dataseti (faili za meinifremu), jobu na faili za Unix za z/OS kando ya dirisha lako.

Kinachosafiri kwenye mtandao ni maandishi matupu, kwa hiyo bando la simu linatosha. Stima ikipotea katikati ya kazi, jobu uliyokwisha kuituma iko kwenye foleni ya JES (sehemu ya mfumo inayopokea jobu) huko iliko mashine, na itaendelea hadi mwisho hata kompyuta yako ikiwa imezima. Kilichopotea ni ulichokuwa unahariri bila kuhifadhi. Umeme ukirudi, angalia kwanza orodha ya jobu zako kabla ya kutuma tena. Jobu inayoongeza rekodi kwenye faili ikitumwa mara mbili, rekodi zinaingia mara mbili.

Kabla hujaandika mstari wa kwanza, weka hivi kwenye mipangilio ya VS Code:

```
"editor.rulers": [6, 7, 11, 72, 80],
"editor.insertSpaces": true
```

Mistari hiyo ya wima ina maana yake. Mpangilio wa COBOL ulitoka kwenye kadi za kutoboa zenye safu 80: safu ya 1 hadi 6 ni namba za mstari, ya 7 ni alama (nyota kwa maelezo, kistari kwa mwendelezo), 8 hadi 11 ni eneo A, 12 hadi 72 ni eneo B, na 73 hadi 80 kompaila haizisomi kabisa. Ukiandika hadi safu ya 75, herufi tatu za mwisho zinapuuzwa. Kompaila italalamika kuhusu jina lisilojulikana, nawe utaliona jina limekamilika kwenye skrini. Hali kadhalika tabo. Kwenye skrini inaonekana kama nafasi nane, lakini ndani ya faili ni herufi moja ambayo si nafasi. Weka nafasi tupu, usiweke tabo, kwenye COBOL na kwenye JCL.

Jambo jingine dogo linalowafungia watu nje: ukibadilisha nenosiri kwenye mashine na kulisahau la zamani ndani ya Zowe Explorer, kiendelezi kitaendelea kulijaribu lile la zamani hadi RACF (mfumo wa usalama wa z/OS) ifunge akaunti. Libadilishe pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Usiikwepe ISPF kwa sababu VS Code ni nzuri. Sehemu nyingi za kazi bado zinatumia skrini ya 3270 (ya maandishi matupu), na anayekuhoji ataona mara moja kama mkono wako unaijua. Shika hizi hadi usifikirie: `=3.4` kuorodhesha dataseti, `2` kuhariri, PF3 kutoka, PF7 na PF8 kupanda na kushuka, `I`, `D`, `R`, `CC` na `A` kwenye nafasi ya namba za mstari, `FIND`, `CHANGE ... ALL`, `COLS` kuonyesha rula, na zaidi ya zote `HEX ON`. Hiyo ya mwisho tutaihitaji sasa hivi.

GnuCOBOL kwenye laptopu inafaa kwa kujifunza sintaksia ukiwa huna mtandao. Emuleta ya Hercules yenye MVS 3.8j (mtangulizi wa kale wa z/OS) inafaa kwa mazoezi ya JCL, ingawa COBOL yake ni ya kale na haina Db2. Zote ni msaada, ila mazoezi ya msingi yafanye kwenye z/OS yenyewe.

Jobu moja, na jinsi inavyoharibika

Chukua faili ya michango ya SACCO: kila rekodi baiti 80, namba ya mwanachama mwanzoni. Tunataka kuipanga.

```
//SACCO01  JOB (ACCT),'MICHANGO',CLASS=A,MSGCLASS=H,
//            NOTIFY=&SYSUID
//PANGA    EXEC PGM=SORT
//SYSOUT   DD SYSOUT=*
//SORTIN   DD DSN=Z12345.MICHANGO.GHAFI,DISP=SHR
//SORTOUT  DD DSN=Z12345.MICHANGO.PANGWA,
//            DISP=(NEW,CATLG,DELETE),
//            SPACE=(TRK,(5,2),RLSE),
//            RECFM=FB,LRECL=80
//SYSIN    DD *
  SORT FIELDS=(1,6,CH,A)
/*
```

Kila sehemu ya jina la dataseti haizidi herufi 8, na jina zima halizidi 44 pamoja na nukta. Neno `MICHANGO` lina herufi 8 kamili. Ukiandika `WANACHAMA` lina 9, na jobu itakataliwa kabla ya kuanza.

Mstari ukiisha kwa koma, unaofuata ni mwendelezo, na maneno yake lazima yaanze kati ya safu ya 4 na ya 16. Ukisahau koma, mfumo unaona taarifa imekwisha pale. Ukiweka nafasi tupu katikati ya vigezo, kila kilicho baada ya nafasi hiyo kinahesabiwa kuwa maelezo tu. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa wakati mwingine jobu inakimbia vizuri huku kigezo ulichoandika hakijasomwa.

`DISP=(NEW,CATLG,DELETE)` inasema: faili ni mpya, mambo yakienda sawa isajiliwe kwenye katalogi, yakiharibika ifutwe. Mara ya kwanza jobu inapita. Mara ya pili inaanguka, kwa sababu faili ipo tayari. Pale ambapo diski zinasimamiwa na SMS (msimamizi wa hifadhi wa z/OS) utaona ujumbe `IGD17101I` kuhusu jina lililojirudia. Pale ambapo hazisimamiwi unaweza kukuta `NOT CATLGD 2` na jobu ikaendelea. Faili mpya inakuwa imekaa kwenye diski nyingine bila kusajiliwa, na hatua zinazofuata zinasoma ile ya jana. Dawa yake ni hatua ya kusafisha mbele ya zote:

```
//FUTA     EXEC PGM=IEFBR14
//F1       DD DSN=Z12345.MICHANGO.PANGWA,
//            DISP=(MOD,DELETE,DELETE),SPACE=(TRK,(1,1))
```

IEFBR14 yenyewe haifanyi chochote. Kazi yote inafanywa na mfumo unapotekeleza DISP. `MOD` imewekwa badala ya `OLD` ili kama faili haipo itengenezwe kisha ifutwe papo hapo, hatua isianguke.

`SPACE=(TRK,(5,2))` inaomba traki (kipimo cha nafasi ya diski) 5 za mwanzo, na kila zikijaa inaongeza 2. Kwa faili ya kawaida kwenye diski moja kuna vipande 16 kwa jumla, yaani 5 + 15 × 2 = traki 35. Ya thelathini na sita haipo, na unapata SB37, msimbo wa jobu kuanguka kwa kukosa nafasi. Usipoweka kabisa kiasi cha pili, zile za mwanzo zikijaa tu unapata SD37. SE37 mara nyingi utaiona kwenye maktaba za PDS (dataseti zenye memba nyingi ndani) ambazo zimehaririwa mara nyingi bila kubanwa. Kila mara unapohifadhi memba upya, nafasi ya nakala ya zamani haitumiki tena hadi maktaba ibanwe kwa IEBCOPY au kwa herufi `Z` kwenye 3.4.

Kisha kuna COND, sharti linalotazama RC (msimbo ambao hatua huurudisha ikiisha), ambayo watu huisoma kinyume kila siku. `COND=(4,LT)` kwenye hatua haimaanishi "endesha kama RC ni chini ya 4". Inamaanisha: kama 4 ni ndogo kuliko RC ya hatua yoyote iliyotangulia, RUKA hatua hii. Yaani ni sharti la kuruka, tena namba yako ndiyo iliyo upande wa kushoto. Uweze kuisoma, kwa sababu jobu za zamani zimejaa COND. Lakini unapoandika mpya, tumia IF, ambayo kila mtu ataielewa:

```
//ANGALIA  IF (PANGA.RC <= 4) THEN
//HESABU   EXEC PGM=SALIO01
//         ENDIF
```

Pa kuanzia kusoma

Jobu ikianguka, usirudi kwenye msimbo. Fungua matokeo yake kwenye SDSF (skrini ya kutazamia jobu) au Zowe Explorer, na usome kwa mpangilio huu.

JESMSGLG kwanza. Ni fupi, na inakuambia ni hatua gani ilianguka na kwa nini kwa ujumla. `IEF450I` yenye `ABEND=S0C7` inasema programu iliendeshwa ikafia njiani. `IEF453I JOB FAILED - JCL ERROR` inasema tatizo ni JCL, na programu yako haina lawama.

Kama ni kosa la JCL, nenda JESYSMSG, huko kuna ujumbe wenye namba ya taarifa iliyokosewa. Namba hiyo ni ya taarifa kama zilivyohesabiwa kwenye JESJCL. Haihusiani na namba za mistari ya kihariri chako. Kwa hiyo fungua JESJCL na uitafute hapo. Mistari inayoanza na `XX` badala ya `//` imetoka kwenye proc (JCL iliyoandikwa tayari) ambayo hukuiandika wewe, na mara nyingi jibu liko humo: proc inatarajia jina la maktaba ambalo hukulipa.

JESYSMSG pia inakuonyesha kila hatua: `IEF142I` kwa iliyoendeshwa, ikiwa na COND CODE yake, na `IEF272I` kwa iliyorukwa. Jobu inaweza kuisha bila abendi (kuanguka kwa programu) yoyote huku hatua yako muhimu ilirukwa. Anayetazama tu kwamba jobu haikuanguka atasema kazi imekwisha.

Baada ya hapo ndipo usome SYSOUT, SYSPRINT na CEEDUMP (nakala ya kumbukumbu programu ilipoanguka) za hatua iliyoanguka. Namba za abendi utakazokutana nazo tangu mwanzo si nyingi. S806 ni programu haikupatikana, kwa kawaida STEPLIB (orodha ya maktaba za programu) haina maktaba inayotakiwa au jina limekosewa herufi moja. S013-18 ni memba haipo kwenye maktaba. S322 ni muda wa CPU umekwisha, na kwa programu ya mwanafunzi karibu kila mara ni kitanzi kisichoisha. S913 ni RACF imekunyima ruhusa, na hapo hakuna cha kurekebisha kwenye msimbo, omba ruhusa. S0C4 ni kugusa kumbukumbu isiyo yako, na kwenye COBOL shuku kwanza faharisi ya jedwali iliyozidi OCCURS, yaani ukubwa uliotangazwa. Kompaili upya kwa `SSRANGE` kisha uiendeshe, itakuambia ni mstari gani.

S0C7 inastahili sehemu yake.

Baiti sita za salio

Hili ndilo linalotenganisha aliyekariri na aliyeelewa, na ningemwomba kila anayejiandaa kwa cheti alifanye kwa macho yake. Rekodi ya mwanachama ni hii:

```
       01  REKODI.
           05  NAMBA-MWANACHAMA   PIC X(6).
           05  JINA               PIC X(30).
           05  SALIO              PIC S9(9)V99 COMP-3.
           05  FILLER             PIC X(38).
```

SALIO lina tarakimu 11. V ni mahali pa nukta ya kufikirika, haili baiti hata moja. Kwenye COMP-3 kila tarakimu inachukua nusu baiti, na nusu baiti ya mwisho ni alama ya chanya au hasi. 11 na 1 ni 12, gawanya kwa 2, baiti 6. Jumlisha: 6 + 30 + 6 + 38 = 80. Jumla isipolingana na LRECL, simama hapo hapo.

Mwanachama akiwa na shilingi 12,500.75, baiti sita hizo ni:

```
00 00 12 50 07 5C
```

C ya mwisho ni chanya. Angekuwa anadaiwa kiasi hicho hicho, ingeishia `5D`. Ukiifungua faili kwenye ISPF bila HEX, utaona takataka: mahali pa `50` panaonyesha `&` na mahali pa `5C` panaonyesha nyota, kwa sababu hizo ndizo herufi zake kwenye EBCDIC, msimbo wa herufi wa meinifremu. Ukiandika `HEX ON`, kila baiti inasimama wima, nusu ya juu na nusu ya chini:

```
001505
00207C
```

Soma kwa kushuka, safu moja moja: 00, 00, 12, 50, 07, 5C. Mtu anayeweza kufanya hivi hatishwi na S0C7.

S0C7 maana yake mashine ilitaka kufanya hesabu ikakuta nusu baiti isiyo tarakimu, au alama isiyo alama. Zinatokea kwa njia chache. Ya kawaida kabisa ni nafasi tupu: kwenye EBCDIC nafasi ni `40`, kwa hiyo SALIO lililojaa nafasi ni `404040404040`, na nusu baiti ya mwisho ni 0, ambayo si alama. Hutokea aliyetengeneza faili alipoacha sehemu hiyo wazi, au mpangilio ulipoteleza. Mtu ameandika `JINA PIC X(29)` kwenye programu moja na `X(30)` kwenye nyingine, na kuanzia hapo kila kitu kimesogea baiti moja.

Njia ya pili ni usafirishaji. Faili yenye COMP-3 ikitumwa kwa FTP katika hali ya maandishi, kila baiti inatafsiriwa kati ya ASCII na EBCDIC kana kwamba ni herufi. Ile `5C` ikitafsiriwa kutoka ASCII inageuka `E0`. Baadhi ya rekodi zitaangusha programu, na hizo ni afadhali. Zinazoogopesha ni zile ambazo baada ya tafsiri bado ni namba halali, lakini namba nyingine. Faili yenye COMP-3 au COMP husafirishwa kwa hali ya binari, au kwanza igeuzwe kuwa tarakimu za kusomeka.

Njia ya tatu ni WORKING-STORAGE (eneo la data ya programu) isiyo na VALUE. Kijumlishi ulichokitangaza bila `VALUE ZERO` kina chochote kilichokuwapo.

Kwenye SYSOUT utakuta `CEE3207S` pamoja na jina la programu. Ikiwa uliikompaili kwa `TEST`, inakupa na namba ya taarifa iliyoanguka. Nenda kwenye mstari huo, orodhesha sehemu za namba zilizomo, kisha tafuta ni rekodi ipi ilikuwa inasomwa. Kinga ni kuuliza `IF SALIO NUMERIC` kabla ya hesabu, na rekodi mbovu iandikwe kwenye faili ya makosa ikiwa na namba yake. Usiweke sifuri mahali pa namba mbovu ili jobu ipite. Salio la mtu limekuwa sifuri, na hakuna atakayejua hadi mwenyewe aje kaunta.

COBOL iliyobaki

Namba ambazo hazifanyiwi hesabu ziandike kwa X. PIN ya KRA ni herufi 11 ikianza na kuishia kwa herufi ya alfabeti: `PIC X(11)`. Namba ya simu yenye 254 mbele: `PIC X(12)`. Msimbo wa muamala wa M-PESA: `PIC X(10)`. Namba ya kitambulisho nayo iwe X, kwa kuwa hakuna atakayeijumlisha.

Hesabu ya fedha ina mitego miwili. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya 12,500.75 ni 125.0075. Ukiandika `COMPUTE RIBA = SALIO * 0.01` na RIBA ina senti mbili, unapata 125.00, zilizobaki zimekatwa. Ukiandika `COMPUTE RIBA ROUNDED`, unapata 125.01. Sera ya taasisi ndiyo inayosema ipi ni sahihi, wewe uulize. Mtego wa pili ni namba kubwa kuingia kwenye sehemu ndogo: MOVE inakata tarakimu za kushoto bila kusema neno. Kwenye COMPUTE weka `ON SIZE ERROR`.

Kila faili iwe na FILE STATUS (msimbo wa matokeo ya kila tendo la faili), na uikague baada ya OPEN, READ na WRITE. 00 ni sawa. 10 ni mwisho wa faili. 35 ni faili uliyotaka kufungua haipo, mara nyingi jina la DD kwenye JCL halilingani na lile la ASSIGN kwenye COBOL. 39 ni sifa hazilingani, kwa mfano programu inasema 80 na faili ina LRECL 100. Na kwenye kitanzi cha kusoma, soma rekodi ya kwanza kabla ya PERFORM, kisha READ inayofuata iwe mwishoni mwa kitanzi. Ukiiweka mwanzoni bila kukagua mwisho wa faili, rekodi ya mwisho inashughulikiwa mara mbili na jumla haifungi.

Kompaila ikitoa makosa arobaini, rekebisha la kwanza na ukompaili tena. Nukta moja iliyosahaulika kwenye DATA DIVISION inazaa karibu yote. RC ya 4 ni maonyo, lakini yasome. Binda (inayounganisha programu baada ya kompaila) ikisema `IEW2456E`, kuna jina la programu ndogo ambalo halikupatikana, na ukiendesha hivyo hivyo utaangukia hapo.

Waliojifunzia kwenye GnuCOBOL wakumbuke jambo moja kuhusu upangaji. Kwenye ASCII tarakimu hutangulia herufi. Kwenye EBCDIC herufi ndogo hutangulia, zinafuata kubwa, tarakimu ni za mwisho. Namba za wanachama zikiwa mchanganyiko wa `A00123` na `004567`, faili iliyopangwa kwenye laptopu haijapangwa kwenye z/OS.

VSAM, Db2 na CICS

Kwa VSAM, ijue KSDS (faili yenye ufunguo) vizuri na uzitambue ESDS (ya mfuatano) na RRDS (ya namba za rekodi). KSDS inatengenezwa kwa IDCAMS, programu ya huduma ya VSAM: `DEFINE CLUSTER` yenye `INDEXED`, `KEYS(6 0)` na `RECORDSIZE(80 80)`. Hapa kuna mtego mzuri wa mtihani na wa kazini: kwenye KEYS namba ya pili inahesabiwa kuanzia 0, ilhali kwenye SORT nafasi zinaanzia 1. Ufunguo ule ule ni `KEYS(6 0)` huku na `(1,6,CH,A)` kule. Unapojaza faili kutoka COBOL kwa mfuatano, rekodi ziwe zimepangwa. FILE STATUS ya 21 ni mfuatano umevunjika, 22 ni ufunguo umejirudia, 23 ni rekodi haipo. 97 baada ya OPEN inaonekana kama kosa, lakini faili imefunguka. Mfumo umeihakiki tu kwa sababu haikufungwa vizuri mara iliyopita.

Db2 inahitaji uelewe njia ya kompaili. Taarifa za SQL zinatolewa ndani ya COBOL na kuwekwa kwenye DBRM, kisha DBRM inafungwa kwa BIND kuwa pakeji. Programu na pakeji zina alama moja ya kulinganishwa. Ukikompaili upya bila kufanya BIND, unapata SQLCODE (msimbo wa jibu la Db2) -805 au -818, na msimbo wako hauna kosa. +100 ni hakuna rekodi iliyopatikana. -811 ni SELECT INTO imepata zaidi ya rekodi moja. -803 ni ufunguo umejirudia. -305 ni thamani ya NULL na hukuweka kiashiria. -911 iangalie kwa makini: Db2 imekwisha kurudisha nyuma kila kitu tangu COMMIT ya mwisho, kwa hiyo programu haiwezi kuendelea na rekodi inayofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. -913 ni mgongano huo huo, lakini uamuzi wa kurudisha nyuma umeachiwa wewe.

CICS kwa ngazi hii ni wazo moja. Programu hutuma skrini, hurudisha udhibiti kwa `EXEC CICS RETURN TRANSID` pamoja na COMMAREA (eneo la data linalopitishwa hadi mzunguko unaofuata), na kufa. Mtumiaji akibonyeza kitufe inaanza upya tangu juu. `EIBCALEN`, urefu wa COMMAREA iliyopokelewa, ikiwa 0, ni mara ya kwanza. Kwa hiyo chochote unachotaka kukikumbuka kiwe kwenye COMMAREA. Ukirekebisha programu na bado unaona tabia ya zamani, hukufanya `CEMT SET PROG(...) NEWCOPY`. Abendi ya ASRA ni programu kugonga kosa kama S0C7 ndani ya CICS, na unaichunguza kwa njia ile ile ya baiti.

Unapoomba kazi

Beji za IBM hutolewa kupitia Credly, kwa hiyo weka kiungo chake kwenye CV ili mwajiri aihakiki mwenyewe. Pamoja nacho weka hazina ya GitHub yenye jobu tatu au nne ulizoziharibu kwa makusudi: moja SB37, moja S0C7, moja ya COND iliyoruka hatua, moja -805. Kila moja iwe na kipande cha logi, maelezo ya sababu, na JCL au msimbo uliorekebishwa. Data iwe ya kubuni kabisa. Usichukue orodha halisi ya wanachama wa chama chochote hata kama umeondoa majina, na ufute nenosiri lolote lililobaki kwenye faili za mipangilio za Zowe kabla ya kupakia.

Kama timu iko nje ya nchi, jifunze na saa zao. Nairobi haibadilishi saa. Saa sita usiku ya New York ni saa mbili asubuhi hapa majira yao ya baridi, na saa moja asubuhi majira yao ya joto. Jobu zao za usiku zinaanguka ukiwa unaingia kazini. Muda ulioandikwa kwenye JESMSGLG ni wa mashine, si wako, kwa hiyo unapoandika ripoti ya jobu iliyoanguka, taja ni saa ya wapi.